Gari la Shagdar Lililokataa Kuvuka Mlima

"Hivi huyu jirani yako Shagdar anaishi ndani ya hema lake au chini ya gari lake?"

Swali hilo aliniuliza Baljid kisimani, yeye akinywesha ngamia wake na mimi nikisubiri zamu yangu na mbuzi. Baljid ni mwanamke mwenye moyo mwema, ila ulimi wake hajawahi kuutia lijamu. Nikamjibu kwamba kichwa kinaishi chini ya gari na miguu inaishi nje, maana sisi majirani tunachokiona kila siku ni miguu.

"Basi iambie hiyo miguu nimeisalimia," akasema, akacheka mpaka ngamia wakainua vichwa.

Nilicheka naye. Lakini ningependa watu wamjue mwenye miguu ile, kwa sababu wengi huku kwetu katika jangwa la Gobi wanamjua kwa viatu tu.

Hema la Shagdar na letu yako karibu kiasi kwamba mtu akiita anasikika, upepo ukiwa umetulia. Tukihama tunahama pamoja. Alikuwa kijana wakati ushirika wa wafugaji ulipovunjwa na mali yake ikagawanywa. Kila mtu alikimbilia mifugo, na watu walisukumana zizini kama hawajawahi kuona kondoo. Shagdar, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka grisi matrekta ya ushirika, yeye aliomba gari. Lilikuwa lile jipu la Kirusi ambalo sote tunaliita Sitini na Tisa, limetupwa nyuma ya ghala, injini haijawaka tangu nani ajuaye, na mbwa alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma. Baba yake alinuna. Mama yake, Norjmaa, alikwenda kuliona hilo gari, akawatoa watoto wa mbwa mmoja mmoja kwa upole, akafuta kiti kwa upindo wa joho lake, akakaa.

"Kiti ni kizuri," akasema.

Hakuna aliyemfundisha Shagdar injini. Alijifunza kama sisi tunavyojifunza kondoo. Mtoto wa huku akishika kisu mara ya kwanza anaambiwa atafute kiungo, asivunje mfupa, na akishapasua ajue kila kitu kilikaa wapi. Shagdar alitandika zulia la sufu kando ya gari, akafungua injini, akatoa kitu kimoja kimoja na kukilaza juu ya zulia kama kilivyokuwa kimekaa ndani: cha juu juu, cha kushoto kushoto. Kisha akavisafisha kwa petroli, akavirudisha kwa kuanzia mwisho. Mara ya kwanza zulia lilibakiwa na springi ndogo. Akafungua tena yote. Mpaka leo zulia lile likiwa limetandikwa hakuna anayelikanyaga, hata mbwa wanazunguka.

Spea kwetu ziko mbali, kwa hiyo anatumia vilivyopo. Ngozi ya kiatu kilichokufa, ikilowekwa kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, inakuwa gasketi ya kuziba maungio ya injini. Pampu ya petroli imewahi kwenda majira yote ya baridi na kipande cha koti la mvua ndani yake. Tangi likivuja analiziba kwa sabuni ya kufulia, na mkewe akiikosa sabuni anajua pa kuitafuta. Siku za baridi anamwaga maji ya rejeta kila jioni yasije yakaganda na kupasua chuma, na asubuhi anaweka sinia la makaa ya samadi chini ya injini, kisha anachemsha maji mapya.

"Hilo gari linakunywa chai kabla yetu," mama yake humwambia.

"Mama, na wewe ungekuwa wa chuma ungetangulia."

Ndivyo wanavyoishi. Mkewe, shule zikifunguliwa, anahamia makao ya wilaya kukaa na watoto wanaosoma, kama wanavyofanya wake wengi wa huku. Kwa hiyo hemani wanabaki wawili, mama na mwanawe, na gari mlangoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mama Norjmaa ana dada yake, Dolgor, aliyeolewa ng'ambo ya mlima. Wawili hao hawakuwa wameonana kwa miaka mingi, na sababu ilikuwa msiba. Mama yao alipofariki, lama, mtawa wa dini yetu ya Kibudha, aliangalia vitabu akataja siku ya mazishi. Norjmaa ndiye aliyekuwa karibu, akazika siku hiyohiyo. Dolgor alifika kwa ngamia akakuta mambo yamekwisha. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Hukunisubiri," akageuza ngamia.

Kiangazi kilipokaribia kuisha, dereva mmoja aliyekuwa akipita alileta salamu. Dolgor anaumwa, hali chakula vizuri, na amesema mdogo wake aje.

Mama Norjmaa alianza kufunga vitu kabla dereva hajamaliza chai yake. Siagi kwenye tumbo la kondoo, mtindi mkavu, skafu ya bluu ya hariri ya kumkabidhi dada yake kwa mikono miwili. Shagdar alilikagua gari kama mtu anayekagua farasi wa mashindano. Asubuhi ya safari lilinguruma vizuri tu. Mama akatoka na upawa wa mti na maziwa ya kwanza ya siku hiyo, akalimiminia gari upande wa mbele kubariki safari, akinong'ona dua, akapanda, wakaondoka.

Gari lilifika mwanzo wa mlima, pale penye mlundo wa mawe ambao wasafiri wote wanauzunguka. Likaanza kumisi, likakohoa, likazimika. Shagdar akazungusha ule mpini wa mbele mpaka mabega yakalowa jasho. Halikuwaka. Wakarudishwa nyumbani wakivutwa na ngamia wa Baljid, mama ndani ameshika skafu yake, mwanawe nje anatembea kando ya usukani.

"Ngamia wangu anauliza," Baljid akasema, "anywe petroli au maji?"

"Mwambie anywe anachokunywa mwenyewe siku zote," Shagdar akamjibu, "lakini asichekecheke kama mwenye ngamia."

Kesho yake jua lilipopanda akalijaribu tena. Likawaka kwa mzunguko mmoja, likanguruma kama halijafanya kosa lolote.

Akasafisha kabureta. Akafungua pampu. Akapuliza bomba la petroli kwa mdomo akatema mchanga jioni nzima. Wakaondoka tena baada ya kuchagua siku njema kwenye kalenda ya lama. Mama akatoka na upawa wake, akamimina, akaomba, akapanda. Kwenye mlundo wa mawe gari likazimika, karibu pale pale.

Safari hii Baljid alileta ngamia bila kusema neno, na kwangu hiyo ilikuwa mbaya kuliko utani wake.

Kilichomchosha Shagdar akili ni kwamba akiwa peke yake gari lilikwenda. Alilipeleka kisimani. Alilipeleka kutafuta ngamia aliyepotea. Aliuzunguka mlundo wa mawe, akalipandisha mpaka juu ya mlima, akateremka anaimba. Akafikiri labda ni uzito. Akapakia gunia la samadi kavu kwenye kiti cha mama yake, akalifunga lisianguke, akaenda nalo mlimani na kurudi.

"Nimemwona Shagdar anatembeza gunia," Baljid akaniambia. "Limekaa mbele, limenyooka, halisemi kitu. Nikasema mke wake akirudi nitamweleza."

Lakini hemani hapakuwa na wa kucheka. Nilikwenda kuwasha taa ya siagi mbele ya sanamu zao za ibada, kwa sababu Mama Norjmaa alikuwa amelala na hakutaka kuamka kuiwasha, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Nikakaa kando ya kitanda chake na tasbihi yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasali. Hivi mtu anaweza kufungiwa njia?"

Nikamwambia sijui, ila sidhani.

"Mimi nimefungiwa. Yule lama alisema siku ni ile, ni kweli. Lakini ningeweza kumwomba aangalie siku nyingine. Watu huomba. Mimi sikuomba." Akageukia ukutani. "Usimwache mwanangu ajitese na lile gari. Gari halina ugonjwa. Ni mimi."

Nikasoma dua nilizozijua, zikaisha, nikaanza tena. Sikuwa na maneno mengine ya kumpa. Nilipotoka nilimwona Shagdar amekaa kwenye bampa, na nikajua amesikia, maana sufu ya hema haizuii sauti.

"Amesema hataki tujaribu tena," akasema.

"Amechoka tu."

"Hapana, dada. Yule dada yake akimfia bila kuonana, mama naye hatakaa sana. Namjua."

Kesho yake alitandika lile zulia. Nilidhani angelala chini ya gari kama kawaida yake, lakini alisimama tu mbele ya injini, mikono nyuma, kama mtu anayemtazama mgonjwa kabla ya kumgusa. Mara zote mbili gari lilipokufa lilikohoa kama limekosa petroli, na yeye akakimbilia petroli. Sasa akaiacha petroli. Akaenda kwenye umeme. Kuna kile kifuniko cheusi chenye nyaya zinazotoka juu kama masikio, mafundi wanakiita distributa, ndicho kinachogawa moto kwa kila plagi kwa zamu. Alikuwa amekifuta nje mara nyingi. Akafungua vibanio vyake akakigeuza.

Alikuja kwangu amekibeba ndani ya kofia yake. Nilikuwa nakoroga maziwa jikoni.

"Dada, nusa."

Nikanusa. Kilikuwa na harufu ya sufuria iliyoungua.

"Sasa tazama ndani."

Ndani kulikuwa na utando wa manjano, umekauka, unabanduka, na katikati ya utando mstari mwembamba mweusi, umepinda kama mzizi.

"Huo mweusi ni njia ya umeme," akasema. "Badala ya kwenda kwenye plagi unapita hapo unapotea. Kitu kikiwa kibichi umeme unapotea wote, gari linakufa. Kikishakauka linawaka. Nimeulamba."

"Umelamba uchafu wa gari?"

"Nimelamba, dada. Ni maziwa. Ya mbuzi."

Tukatazamana. Nikaendelea kukoroga kwa sababu mkono ulikuwa umezoea, lakini moyo wangu ulishafika alikokuwa yeye.

Tangu zamani Mama Norjmaa alikuwa akimimina maziwa ya safari kwenye magurudumu. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu, na tangu hapo kiuno hakimruhusu kuinama. Kwa hiyo alikuwa akimimina akiwa wima, juu ya boneti. Na boneti ile ina matundu, yametobolewa ili joto la injini lipate pa kutokea nyakati za jua kali. Shagdar akienda kisimani haimiminiwi. Akienda kutafuta ngamia haimiminiwi. Ni safari kubwa tu zinazobarikiwa, na kwa mama yule safari kubwa ilikuwa moja. Kila alivyozidi kuitaka ndivyo alivyozidi kumimina. Mara ya pili alikwenda na upawa uliojaa.

Shagdar akakaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Sasa nifanyeje? Nikimwambia, atajua ni mkono wake uliomzuia. Alikuwa anaomba dua, dada. Nitamwambiaje mtu kwamba dua yake imezima gari? Nisipomwambia, anaamini Mbingu zimemkataa. Nimetafuta katikati sijapaona."

"Ziba matundu."

"Nimeshaziba. Kwa bati na lami. Na hiki kifuniko nitakivisha mpira wa tyubu mpaka shingoni. Lakini maziwa yanapenya hata ukingoni, na bati langu si la kiwandani. Likizimika mara ya tatu, mama hainuki tena."

Nilimpa chai. Nikamwambia maziwa ni mema na dua ni njema, na kwamba pengine kilichokosewa ni mahali tu. Nikasema hivyo kwa sababu niliamini, si kwa hekima. Akanywa, akauliza, "Dada, wewe mumeo akisafiri unamwaga lini?"

"Akishaondoka. Namwaga kwenye njia, nyuma yake."

"Na ukisafiri wewe?"

"Anamwaga anayebaki."

Akaweka bakuli chini. "Kwetu hakuna anayebaki," akasema. "Mke wangu yuko wilayani. Ndiyo maana anamimina mwenyewe kisha anapanda."

Aliinuka akaenda kwa mama yake, na mimi nikamfuata, kwa sababu aliniashiria. Akapiga goti kando ya kitanda.

"Mama, nikuulize desturi. Msafiri anajimwagia mwenyewe?"

Mama Norjmaa akafungua macho. "Anamwagiwa na anayebaki. Hujui hata hilo, na umri wako?"

"Sasa mbona wewe ulikuwa unajimwagia?"

Mama alizungusha tasbihi, akatazama moshi unavyotoka juu ya hema. Kisha nikamwona mabega yanatikisika, nikadhani analia.

"Kumbe nilikuwa najiaga mwenyewe," akasema, na alikuwa anacheka. "Nasimama nje najitakia safari njema, napanda. Hata mwendawazimu hafanyi hivyo. Nani alinifundisha?"

"Dada yetu huyu atabaki. Atakumwagia yeye. Tujaribu mara moja, mama."

Mama akanitazama. "Una maziwa?"

"Ninayo, mama."

"Basi niinue, mwanangu," akamwambia Shagdar.

Asubuhi ya safari nilikuja na ndoo yangu na upawa. Mama Norjmaa alitoka amevaa joho lake la sherehe, na kwa mazoea akanyoosha mkono kuuchukua upawa. Akajizuia. Akaurudisha mkono kwenye mkanda wake, akapanda. Gari likaondoka. Hapo ndipo nilipomwaga, upawa baada ya upawa, kwenye alama za matairi, na niliomba kwa Mwenye Huruma kwa maneno yangu mwenyewe, kwa sababu yale ya kitabuni yalinipotea.

Baljid alikuwa amesimama upande wa pili na ngamia wake, tayari amemfunga kamba.

Gari likapanda mpaka kwenye mlundo wa mawe. Likasimama.

"Oo, ndugu zangu," Baljid akasema polepole.

Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka Shagdar, akazunguka akamshika mama yake mkono. Tukawaona, wadogo kama punje, wanauzunguka mlundo wa mawe mara tatu kwa kufuata mwendo wa jua, kama inavyotakiwa, mama ameinama kidogo tu kuweka jiwe lake. Wakapanda tena. Moshi mweusi ukatoka nyuma, na gari likaupanda mlima likavuka.

Baljid akamfungua ngamia kamba. "Twende nyumbani, mzee," akamwambia ngamia. "Leo hatutakiwi."

Shagdar alirudi peke yake baada ya siku kadhaa, maana mama alibaki kumuuguza dada yake, na alikaa naye mpaka mwisho wake, theluji ya kwanza ilipoanguka. Alikuja kwangu kunisimulia. Alisema walipofika, Dolgor alikuwa kitandani, ngozi na mifupa, na mama akatoa skafu kwa mikono miwili lakini maneno yakamkwama. Wakakaa hivyo. Ili kuvunja ule ukimya Shagdar akaanza kueleza walivyochelewa. Akajikuta anaeleza yote, mpaka utando wa maziwa ndani ya kifuniko. Akasema aliona uso wa mama yake unabadilika, akatamani angeukata ulimi wake.

Lakini Dolgor alimtazama mdogo wake, akasema kwa sauti ndogo, "Norjmaa. Gari halijaondoka umeshalimwagia. Wewe kusubiri hukujui mpaka leo?"

"Sikujua," mama akasema. "Sikukusubiri, dada. Ningeweza kuomba siku nyingine."

"Najua ungeweza. Njoo ukae hapa, unanizibia mwanga."

Mama akaenda akakaa. Shagdar akasema aliwaacha hivyo akatoka nje kulitazama gari, ingawa gari halikuwa na tatizo lolote.

Nikamwambia ni habari njema na kwamba watu wangefaidika kuisikia, hasa wanaomjua kwa miguu tu. Alizungusha chupa yake ya ugoro mkononi. Kisha akasema:

"Ukiwasimulia watu, dada, naomba usiseme mama aliharibu gari. Sema boneti ilikuwa na matundu, na aliyeyatoboa ni mimi."